Maziwa Aliyoyakumbuka Jenoveva

Mwaka wa tisini na tatu maduka ya Tanga yalikuwa yamefurika vitu ambavyo miaka michache nyuma watu walivisikia tu redioni. Maziwa ya pakiti yalikuwa mojawapo. Valentino alimletea mkewe pakiti mbili kila jioni, maana Jenoveva alikuwa na mimba ya miezi minne. Jenoveva alionja funda moja, akasukuma kikombe pembeni.

"Yamechemshwa kiwandani, vijidudu vyote vimekufa," Valentino alimbembeleza. "Kunywa."

"Na utamu umekufa navyo. Sisi kwetu Lukozi tulikunywa mabichi, yakitoka kwa ng'ombe, na hakuna aliyeugua."

Hakuwa anatia chumvi. Ndivyo alivyoyakumbuka. Ukungu mlangoni, miguu peku kwenye sakafu ya udongo, ng'ombe akicheua upande wa pili wa ukuta, na mama yake akimkabidhi kikombe cha bati kinachochoma vidole, povu limejaa hadi linamgusa pua. Tangu ashike mimba hamu ya kikombe kile haikumtoka. Shule aliyofundisha ilipofunga mwezi wa Juni, alifunga safari ya kwao Lukozi, milimani.

Alimkuta mama yake, Dorkasi, akitoka kukata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda, na wewe ni wawili?"

Asubuhi yake Dorkasi alipomaliza kukamua, Jenoveva alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, kikombe mkononi. Mama akaivuta ndoo nyuma ya kanga yake.

"Unataka nini?"

"Maziwa, mama. Mabichi, kama ulivyokuwa ukinipa."

"Mabichi? Nani alikupa mabichi?"

"Si wewe! Kila asubuhi, ya moto, na povu lake."

Dorkasi akatikisa kichwa. "Yalikuwa ya moto kwa sababu nimeyatoa motoni. Na povu ni la kuyamimina toka juu, nikiyapoza usiungue ulimi. Wewe ulikuwa ukiamka mimi nimeshamaliza."

Jenoveva aliona kama kaibiwa kitu. "Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mtoto anywe maziwa, akacheze."

Waliingia jikoni. Dorkasi akachochea kuni za miti ya miwati, akabandika sufuria nyeusi kwa masizi, ndipo akasema, macho yake motoni:

"Kabla yako zilitoka mimba mbili. Homa inakuja jioni, asubuhi imekwenda, viungo vinaniuma kama kikongwe. Bibi yako akasema nimerogwa. Mwaka wa mimba ya pili ng'ombe wetu naye akatupa mimba. Nilimsaidia kwa mikono hii, na maziwa yake tuliendelea kuyanywa mabichi. Nesi wa zahanati, Mwanaidi, ndiye peke yake aliyeniuliza, 'Mama, ng'ombe wako ni mzima?' Akasema ugonjwa wa ng'ombe humpata mtu kwa maziwa mabichi, akanipa dawa za muda mrefu, akaniambia maziwa yachemke mpaka yapande. Yule ng'ombe tukamwondoa. Nikakaa miaka miwili, nikakupata wewe."

Jenoveva alishika tumbo lake, asijue kwamba amelishika. Alifikiria jinsi alivyomzidi mumewe kwa maneno, na jinsi alivyoamka leo mapema ili amwahi mama zizini.

Maziwa yakapanda. Dorkasi akayaepua, akayamimina kutoka juu, mara moja, mara mbili, tatu, moshi ukiwazunguka wote wawili. Jenoveva akapokea kikombe, kikamchoma vidole. Akanywa. Yalikuwa yaleyale, hayakupungua kitu, na ladha aliyoililia Tanga ilikuwa moshi wa kuni. Machozi yakamtoka.

"Yanaunguza?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Niongeze."

Alikaa wiki mbili. Kila alfajiri alijaribu kumtangulia mama yake jikoni, na kila alfajiri akamkuta ameshawasha moto. Mwezi wa Novemba alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti iliyosikika hadi nje ya wodi.