Kifundo Kilicholegea

Saa nne kasoro robo asubuhi, tufe la dada lilirudi kwenye rafu likiwa na mstari wa mafuta uliokatiza tundu la kidole gumba. Mdogo wake alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza chini ya taa, akalirudisha mahali pake.

Mdogo huyu ndiye aliyekuwa fundi wa ukumbi ule wa bowling, mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha pini zilizosimamishwa mwisho wa njia. Alitoboa matufe na kupaka njia mafuta kabla wateja hawajafika. Tufe likiviringika, mafuta hayo huliachia duara, na anayejua kulisoma hujua mkono ulikuwaje wakati wa kuachia. Kifundo cha mkono kikinyooka, kidole gumba hutoka kwanza, vidole viwili vya kati vikabaki nyuma na kulisokota tufe, na duara likapita mbali na matundu. Kifundo kikivunjikia nyuma, kiganja hupanda juu ya tufe na duara husogea kwenye gumba. Tangu dada aanze kucheza, duara lake lilikuwa halijasogea, hadi asubuhi hiyo.

"Leo njia umeipaka kama unataka kukaanga kitu," dada alisema.

"Njia ni ile ile, dada. Mkono ndio umelegea."

"Mkono umelegea, au tundu lako limeninunia? Toboa vizuri, acha kusingizia watu."

Walicheka wote wawili. Ugonjwa wa mama yao ulianza kwa kushindwa kuzungusha ufunguo mlangoni. Baadaye ikawa vifungo vya nguo, baadaye kijiko, mwisho sauti. Daktari aliyemtibu aliwaambia kwamba ugonjwa ule mara nyingine hufuata ukoo na mara nyingine haufuati, na hana namna ya kujua. Fundi alilichukua tufe akaenda nalo karakana.

Alipunguza tundu la gumba kwa utepe. Duara likarudi mahali pake, kisha likasogea tena. Akabadilisha mwinamo wa matundu ya vidole, likarudi, likasogea. Akamtafutia tufe jepesi. Kila rekebisho lilifanya kazi kwa muda, na hapo ndipo alipokosea: alikuwa anatibu tufe.

Mwishowe alisema, "Twende hospitali, dada."

"Nikaseme nini? Daktari, tufe langu linapinda?"

"Ukaseme mama aliugua nini."

Dada aliangalia pini zikipangwa na mashine mwisho wa njia. "Sikiliza. Mchujo wa timu ya klabu ni Jumamosi. Nikipita, hili jambo usinitajie tena. Nikishindwa, nitakwenda unakotaka."

"Sawa."

"Na unitengenezee ule mkanda wa chuma."

Mkanda huo ni wa ngozi, una bamba la chuma mgongoni mwa kiganja, na kifundo kilichofungwa ndani yake hakiwezi kuvunjikia nyuma. Kanuni zinauruhusu. Fundi alijua kwamba ukivaliwa, mchujo hautathibitisha chochote. Aliutengeneza, na Jumamosi asubuhi aliukaza mwenyewe mkononi mwa dada yake, tundu moja zaidi ya alivyoombwa.

Raundi za mwanzo zilikuwa bora kuliko zote dada alizowahi kucheza.

"Dada mkubwa, leo pini zimekutukana nini?" Nahodha wa klabu alipiga kelele kutoka mezani. "Bakisha hata moja ya mbegu!"

"Nyamaza, zamu yako inakuja. Utalia wewe."

Raundi ya saba alipiga hatua zake kama kawaida na mkono ukaenda nyuma. Kifundo kilibaki kimenyooka, maana chuma kilikishika, lakini vidole havikushikwa na kitu. Tufe lilichomoka likiwa bado nyuma yake, likaangukia sakafu ya mbao kwa kishindo na kuviringika hadi chini ya viti.

"Dada, pini ziko mbele!" Nahodha alisema, na meza yote ikaangua kicheko.

Dada hakugeuka. Alijaribu kufungua mkanda kwa mkono wa kushoto, akashindwa, akamwita mdogo wake. Fundi alifungua kamba moja baada ya nyingine. Bamba lilipotoka, kiganja kilining'inia kama kitambaa kilichoanikwa. Nahodha aliacha kucheka.

"Kesho kutwa hospitali, basi," dada alisema.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa kijana, mpole, mwenye mikono ya baridi. Aliuliza kuhusu mama, akasikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akasema, "Nyoosha mkono wa kulia, kiganja kikae wima kama unamzuia mtu asipite. Mimi nasukuma, wewe kaza."

Kifundo kilianguka kabla hajasukuma.

"Huo ndio mbovu," dada alisema. "Nimeutumikisha sana kwenye mchezo, daktari. Sasa umechoka."

"Na wa kushoto?"

"Huo mzima. Huo sijawahi hata kuurushia tufe."

Aliunyoosha. Kiganja kilisimama wima. Fundi, aliyekaa karibu na mlango, aliinuka akasogea ili aone vizuri. Daktari aliweka kidole kimoja juu ya vifundo vya vidole vya dada, akasukuma kidogo.

"Kaza, mama."

"Nimekaza."

Mkono ukashuka.