Bodi ya Bluu na Sauti ya Pili

Kaka Kima aliweka vitabu viwili juu ya spika, kimoja cha bluu na kimoja cheusi, akaniambia nichague kabla ya Jumamosi.

"Jumamosi napeleka majina," alisema. "Bodi ya Bluu na Bodi Nyeusi zote zinaleta watahini wao wa muziki hapa Aizawl wiki hiyo hiyo, na kufanya mitihani yote miwili hutaweza. Chagua moja, Sangi. Tena usinichagulie kwa kuangalia rangi."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuangalia rangi.

Chumba chake cha muziki kipo mtaa wa Chanmari, ghorofa mbili chini ya barabara, unashuka ngazi huku ukisikia magari yakipita juu ya kichwa chako. Nilikuwa nafika pale nikishamaliza kuuza chai na Bibi. Shule niliiacha darasa la nne, Bibi alipovunjika nyonga na pakawa hapana mtu mwingine wa kuwasha jiko. Gitaa la besi nilijifunza kanisani, kwa kuangalia vidole vya dada mmoja aliyekuwa akipiga, mpaka alipoolewa akahamia Lunglei, gitaa likabaki halina mtu, nikalishika.

Kaka Kima alitaka mwalimu wa besi kwa watoto wanaoanza. Wazazi wa mjini kwetu wakiingia chumba cha muziki wanaangalia ukuta kwanza, wanatafuta cheti cha mwalimu. Kwa hiyo alinipa sharti moja: nifaulu gredi ya tano, kazi ni yangu. Nisipofaulu, kulikuwa na kijana wa Shillong mwenye cheti tayari, anasubiri kupigiwa simu tu. Kazi ile niliitaka mno. Nilikuwa nalala na kuamka nayo, na sikumwambia mtu.

"Hao watu wa bodi," nilimuuliza Kaka Kima, "nani aliwapa kazi ya kupima wenzao?"

Zela akacheka. Zela anapiga gitaa, amefika gredi ya nane, na yupo pale kila siku kana kwamba ni yeye anayelipa umeme.

"Chukua Bluu," akasema. "Hiyo ndiyo bodi. Nyeusi ni ya wapiga kelele wenye nywele ndefu."

"Zako zimefika mabegani," Kaka Kima akamwambia.

"Zangu zina cheti."

Nilivichukua vitabu vyote viwili nikavikagua, ukurasa kwa ukurasa. Nyimbo za kupiga zilikuwa ngumu sawasawa. Noti za vitone nilizisoma kwa kuandika do, re, mi kwa penseli chini yake, kama zilivyo kwenye kitabu chetu cha nyimbo za kanisa, na Kaka Kima alisema hakuna mtahini atakayekasirikia penseli. Tofauti ilikuwa kwenye sehemu ya kusikia. Mtahini wa Bluu anapiga kipande cha wimbo kwenye kinanda, nawe unakirudia kwa mdomo, vilevile kilivyo. Mtahini wa Nyeusi anakuwekea muziki uliorekodiwa, nawe unaujazia besi unayoitunga papo hapo.

"Tujaribu ya Bluu," alisema Kaka Kima. Akakaa kwenye kinanda, akapiga kipande kifupi. "Rudia."

Nikaimba. Akageuka akanitazama.

"Hapana. Rudia nilichopiga mimi."

Nikaimba tena, polepole, nikijitahidi. Zela akajitupa kwenye kochi kwa kicheko.

"Sangi, wimbo ameuliza huu, wewe unamletea wa jirani yake!"

"Nyamaza kidogo," alisema Kaka Kima. Akakipiga kile kipande mara ya tatu, na safari hii nilipoimba naye akapiga pamoja nami. Zile sauti mbili zikaingiana, hakuna hata noti moja iliyogongana na mwenzake. Akaondoa mikono kwenye kinanda. "Anaimba sauti ya pili. Hajakosea popote. Ila sicho alichoulizwa."

Nilishangaa kuliko wao. Mimi nilidhani narudia.

Tukajaribu na ya Nyeusi. Akaweka muziki, nikajaza besi, na nilipomaliza Kaka Kima alikuwa anatikisa kichwa akitabasamu.

"Hii umefaulu kabla ya mtihani."

"Basi andika Nyeusi tukanywe chai," alisema Zela.

Nilitaka kukubali. Lakini kuna jambo lilinitoka kabla sijalizuia.

"Watoto nitakaowafundisha watafanya mtihani wa bodi ipi?"

"Bluu," alisema Kaka Kima. "Wazazi wao walifanya Bluu, nao watafanya Bluu. Nyeusi hawaijui."

"Sasa nitawafundishaje kurudia, ikiwa mimi mwenyewe siwezi?"

"Wewe faulu kwanza. Hayo tutayaona."

Zela akaanza kukaza nyuzi zake. Mimi nikapanda ngazi kwenda nyumbani, na lile swali likanikaa kama uzi wa nyama katikati ya meno.

Njiani nilitega masikio. Kwenye duka la vitambaa mwenye duka alikuwa anaimba huku akikunja mali yake, na binti anayemsaidia akaingia kwa sauti ya chini yake bila hata kumtazama. Chini kidogo, vijana waliokuwa wanabeba mchanga huku wakiimba walikuwa watatu, na sauti zilikuwa tatu. Nikajiuliza ni lini nilisikia watu wawili wa kwetu wakiimba kitu kimoja. Kanisani, nyumba ya msiba, kwenye bomba la maji, ukimkuta mtu ameshika sauti ya kwanza, wewe unachukua iliyobaki. Na mimi nilikuwa nimeishi na Bibi, ambaye sauti ya kwanza ni yake tangu ujana wake. Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kuimba wimbo wenyewe. Nilikuwa naimba ubavuni mwake tu.

Nilimkuta jikoni anapika bai, majani ya boga yanachemka na vipande vya nguruwe wa moshi. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza naye, juu kabisa, pale pale alipo.

Akanyamaza.

"Unafanya nini?"

"Naimba, Bibi."

"Hapo nimekaa mimi. Tafuta pako."

"Nataka kurudia unachoimba."

"Kwani sijakiimba vizuri, mpaka kirudiwe?"

Ikabidi nimweleze habari ya mtihani. Alisikiliza huku mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni.

"Yaani mtu anatoka kwao, anapanda ndege, anakuja kukuimbia, na wewe badala ya kumsaidia unamwigiza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Halafu anakupa cheti?"

"Ndiyo."

"Haya." Akafunika sufuria. "Tuone huo uigizaji."

Akaimba mstari mmoja. Nikaanza vizuri, na kabla ya katikati nikasikia mdomo wangu unashuka wenyewe.

"Umeteleza," alisema.

Tukarudia. Nikateleza. Nikafumba macho, nikamfuata kama mtu anayekanyaga nyayo za mwenzake kwenye matope, mguu mahali pa mguu. Kule juu kulikuwa kwa ajabu. Kwembamba, na hakuna wa kumwegemea. Sikujua kwamba Bibi alikuwa akikaa mahali kama pale miaka yote.

Nilipofika mwisho bila kuanguka hakunisifu. Alisema tu, "Sasa anza wewe peke yako."

Nikaanza. Nilitegemea aje anisindikize pale juu. Badala yake alishuka, akashuka tena, mpaka kwenye sauti nzito ya besi. Ilikuwa besi ya Babu. Koo lake halikuitosha, alikuwa anaikoroma zaidi ya kuiimba, lakini kila noti aliijua ilipo, hata ile ya mwisho ambayo Babu alikuwa anaivuta mpaka mchungaji anakohoa. Sauti ile haikuwa imesikika jikoni mwetu tangu tulipomzika Babu.

Nikaacha kuimba.

"Usiache!" alisema. "Mimi nimeshuka huku kwa kukutegemea wewe."

"Bibi, hiyo umeijulia wapi?"

"Nimelala karibu nayo ujana wangu wote, nisiijue?"

"Mbona hukuwahi kuiimba?"

"Ilikuwa na mwenyewe."

"Na alipoondoka?"

Akafunua sufuria, akaonja, akaongeza chumvi.

"Nani angenishikia ya kwangu?" alisema. "Haya, anza tena. Na ukiteleza safari hii hakuna chakula."

Jumamosi niliweka kidole juu ya kitabu cha bluu.

"Una wazimu?" Zela aliniuliza. "Nyeusi ungeipita huku unasinzia!"

Kaka Kima hakucheka. "Sangi, una hakika? Yule wa Shillong jana kanipigia simu mwenyewe."

"Sina hakika," nilisema. Lakini kidole sikukitoa, akaandika.

Siku ya mtihani, mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na koti la sufu, na meza yake ilikuwa na maji ya moto kwenye kikombe, bila majani ya chai, jambo lililonishangaza. Nyimbo tatu nilizipiga bila tatizo. Kisha akahamia kwenye kinanda. Kipande cha kwanza nilikirudia sawasawa. Cha pili kilikuwa kitamu, kilipanda kwa madaha kama nyimbo zetu za maombolezo, na kabla sijafika mbali nikajisikia niko kwenye sauti ya pili, nimetulia, kama mtu aliyerudi kwao akavua viatu. Kalamu ya mtahini ikatembea.

Sheria yao inaruhusu kuomba kipande kipigwe tena, na unapunguziwa alama. Kaka Kima alinifundisha sentensi yake kwa Kiingereza, fupi, naomba kusikia tena. Darasa la pili mimi ndiye yule mtoto aliyejikojolea kwenye dawati badala ya kuinua mkono aombe kutoka. Nilitazama kile kikombe cha maji. Nikaisema.

Yule mama akatega sikio. Hakuwa amesikia, nilikuwa nimenong'ona.

Basi nikairudia, neno kwa neno, vilevile ilivyo, kwa sauti.

Akatabasamu, akapiga tena. Nikaimba kile alichopiga yeye, mpaka mwisho, na sikuwa na mtu juu yangu wala chini yangu.

Cheti kilipofika Kaka Kima alikuja nacho mwenyewe kwenye meza yetu ya chai. Nilikuwa nimefaulu. Akamsomea Bibi alama moja moja, na alipofika kwenye sehemu ya kusikia Bibi akamsimamisha.

"Mbona hapo wamembania?"

"Hapo, Bi Thuami, aliingia kidogo kwenye sauti ya pili."

"Aliikosea?"

"Hapana, hakuikosea."

"Sasa wamepunguza nini?"

Kaka Kima alijikuna shingo, akanitazama kama kuomba msaada, kisha akaomba chai.

Jumatatu alinipa ufunguo wa chumba kidogo cha nyuma. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa msichana mwembamba, besi imemzidi urefu, haongei. Nikampigia kipande chepesi cha noti chache, nikamwambia arudie. Akakipiga, macho yameganda kwenye vidole vyake. Hakikuwa kile nilichompigia, ila hakikugongana nacho popote.

Nilimsikiliza mpaka mwisho kabla sijasema kitu.