Kucha za Sajini

Iribagiza alitaka mbwa afike kwa Kimenyi akiwa nadhifu, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Saa kumi jioni Kimenyi, mdogo wa marehemu mumewe, angeteremka kutoka Bugeshi na pikapu amchukue Sajini kabisa, maana Iribagiza alikuwa anahamia kwa bintiye Kigali, ghorofa ya tatu, ambako mbwa hawaruhusiwi. Hakutaka shemeji aone mbwa wa kaka yake kaletwa kama yatima. Kimenyi mwenyewe ni mtu wa viazi na ng'ombe, hata harusini alikuja na buti za shambani. Angeona nini kwenye kucha za mbwa? Lakini mjane na aibu yake, huwezi kumwambia kitu.

Basi saa nane, barazani pa nyumba ya wageni alipofikia pale Gisenyi, alimwogesha Sajini, akamkausha, akatoa mkobani kikata kucha cha mumewe, Rutagengwa. Marehemu alikuwa mwanajeshi mstaafu. Kila Jumapili baada ya misa alisema, "Saluti, Sajini," na mbwa akainua mguu wa kulia, kucha zikakatwa bila ugomvi. Iribagiza aliliona jambo hilo miaka tisa akiwa anamenya ndizi. Alijua mzee alikuwa akiziacha fupi kiasi gani.

"Saluti," alisema. Mguu ukaja. Akakata pale pale alipokuwa akikata mzee.

Sajini alilia mlio ambao hakuwahi kuusikia, akachomoka, akajibanza chini ya benchi. Damu ilitiririka kwenye saruji. Iribagiza alimfuata kwa magoti, akafuta, akachungulia, akafuta tena, na kila alipofuta damu ilianza upya. "Nisamehe, baba," alirudia, na hakujua anamwomba nani, mbwa au marehemu.

Mukandori, mpishi wa pale, aliyekulia Goma, alitoka jikoni na bakuli.

"Mama, wacha kupangusa-pangusa. Damu iko inataka kuganda, we unaifungua. Hii ni unga ya muhogo. Finya hapo, usichungulie."

Walifinya pamoja, wamelala kifudifudi chini ya benchi, unga umewajaa mpaka kwenye nyusi.

"Bon," Mukandori alisema baadaye. "Imesimama. Ni kidole moja tu, atapona."

Iribagiza alinyoosha kiganja. "Saluti, Sajini." Mbwa alikitazama, akauficha mguu chini ya kifua. Alimpa sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Sajini alimla sambaza, mguu hakuutoa.

Kimenyi alipofika alichuchumaa, akazitazama kucha bila kuzigusa.

"Shemeji, hizi zilikatwa lini mara ya mwisho?"

"Kabla kaka yako hajalazwa. Mwezi wa pili." Sasa ulikuwa wa tisa.

"Basi nyama imeifuata kucha. Zikiachwa, vinarefuka pamoja. Ungepunguza kidogo leo, kidogo wiki ijayo, mpaka nyama irudi nyuma yenyewe. Huwezi kufika alipokuwa anafikia kaka kwa siku moja."

Hakuwa analaumu, na hilo lilimuuma Iribagiza zaidi. Ndani ya mwezi mmoja tangu mazishi alikuwa amegawa nguo za mzee, amefunga nyumba, amemleta mbwa huku, akidhani maumivu yakikatwa mara moja yanaisha.

"Kama unataka," Kimenyi alisema, "nirudi kumchukua Jumapili ijayo."

Alitaka, alitaka mno. Lakini basi la Kigali lilikuwa kesho asubuhi, na kule ghorofani hapakuwa na mlango wa Sajini. "Mchukue tu, shemeji."

Kimenyi alikuwa na sauti ya kaka yake. Siku ya mazishi waombolezaji wote waliligundua hilo, na tangu siku hiyo Iribagiza hakuwahi kupokea simu yake, walipanga yote kwa ujumbe. "Saluti, Sajini," Kimenyi alisema sasa.

Mbwa alitoka chini ya benchi mbio, masikio yamesimama, akainua mguu ule ule wenye jeraha. Akamfuata Kimenyi mpaka getini akichechemea, bila kugeuka nyuma.

Pikapu ilipoondoka, nyayo za unga za Sajini zilibaki sakafuni, kutoka benchi hadi getini. Mukandori alikuja na ndoo na tambara.

"Leo futa za kule getini tu," Iribagiza alimwambia huku akilia. "Hizi za hapa kwenye benchi, wiki ijayo."