Hirwa Yuko Upande wa Kwanza

Ndahiro alirudisha utepe nyuma, akabonyeza, akasikiliza, akaurudisha tena. Haikusaidia. Mahali pa Hirwa palikuwa na muuza mbao.

Jamani, mtu asikasirike? Ndahiro ndiye aliyeanza kurap pale Goma mwaka wa themanini na nane, wakati wazee walikuwa wakimuuliza mama yake huyu kijana anagombana na nani. Albamu yake ya kwanza aliirekodi sebuleni, mdogo wake Hirwa akipiga meza badala ya ngoma. Na huku kwetu wimbo usiotaja watu ni karamu bila pombe. Kwa hiyo mwisho wa upande wa kwanza alitaja majina ya nyumba nzima, jirani kwa jirani, hadi akaita, "Hirwa, uko?" Hirwa akacheka, akajibu, "Niko, yaya!", maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa huku kwetu.

Ni hayo tu. Vita vikamchukua Hirwa, hakuacha kaburi wala picha, na kicheko kile na maneno yale mawili ndiyo yaliyobaki ya Hirwa hapa duniani. Mama yao, Mukantwari, alikuwa amepofuka macho. Kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye mkeka nyumbani Mbugangari, ng'ambo ya mpaka walikohamia kutoka Goma, akajifunga kitenge vizuri kama anayepokea mgeni, akaomba awekewe mwanawe.

Mwaka huu wa tisini na tisa akaja Janvier, mwenye duka la kaseti, na maneno matamu. Watu waliorudi kutoka Kongo wako maofisini sasa, alisema, wanatafuta muziki wa ujana wao. Donc, kwa hiyo, tutoe albamu ya kwanza upya, kaseti chache tu, kwenye kasha la rangi ya dhahabu, na sahihi ya Ndahiro juu yake. Kitu cha kuweka kabatini pamoja na vikombe vya harusi. Alihitaji kaseti ya asili, na Ndahiro akampa kwa mikono miwili. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameshavunja vile vimeno vya plastiki nyuma ya kaseti, ili mashine yoyote isirekodi juu yake.

Akiwa anasubiri, akajitafutia vita vyake. Aliwachukia wanaonakili kaseti za watu tangu zamani, na sasa akasema toleo la heshima haliwezi kukaa soko moja na takataka za wezi. Basi akapita soko la Mbugangari, meza kwa meza. Kila nakala ya albamu yake aliyoiona aliichukua na kuikanyaga, na watu wakamwachia, maana ni yeye mwenyewe, utamfanya nini? Hata Epiphanie hakumwacha, mama wa Busasamana anayeuza viazi. Kaseti yake ilikuwa kuukuu, aliirekodi kwa jirani huko Goma na kuvuka nayo mpaka. Ndahiro aliuvuta utepe wote nje ukalala chini kama utumbo.

Epiphanie aliukusanya ndani ya kikapu, taratibu. "Yaya Ndahiro," alisema, "uliimba ili tusikie, ama ili tusisikie?"

Alimjibu kwamba mwizi hana haki ya kuuliza maswali, akaenda zake kifua mbele.

Sasa leo yuko dukani, kasha la dhahabu mkononi, na baada ya kuita "Hirwa" sauti nyingine inaingia kumsifu Patroni Rutagengwa wa mbao. Kabla yake, mwenye duka la simenti. Majirani wote wa Goma wamefutwa. Janvier alikuwa anatabasamu, maskini, anangoja asifiwe. Alieleza kwamba majina yale ya zamani hakuna anayeyajua, na wafanyabiashara walitaka kutajwa. Ndahiro akaomba kaseti yake ya asili, haraka.

Ililetwa. Matundu ya vile vimeno yalikuwa yamezibwa kwa selotepu, nadhifu kabisa, na mashine ikakubali kurekodi tena. Nakala ya nakala inapoteza sauti, Janvier alisema, kwa hiyo alifanyia kazi palepale kwenye ile ya asili.

"Mutu mwenye alikufa hawezi nunua kaseti, yaya," aliongeza, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Ndahiro alizoa makasha yote ya dhahabu kwa mkono mmoja yakaanguka sakafuni. "Hana kaburi!" alipiga kelele. "Kaburi lake lilikuwa humu, na wewe umejengea mbao juu yake!" Alimwita kila jina baya alilojua kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa. Akatoka nje akiwa bado anatukana.

Barabarani ndipo akakumbuka kikapu cha Epiphanie: hata kwenye utepe ule Hirwa alikuwamo.

Kesho yake, Jumapili, hakwenda misa. Alipanda gari la viazi hadi Busasamana, akamkuta mama yule uani, akamsalimu kwa adabu ambayo hakuwa nayo sokoni. Alimwambia yote, hata habari za Hirwa. Epiphanie alisikiliza, kisha akanyoosha kidole upande wa shamba lake la ngano. Utepe ulikuwa umefungwa kutoka mti hadi mti, unang'aa, unavuma kwa upepo wa volkano, na ndege hawasogei karibu.

"Ulisema ni takataka," alisema. "Nikaipatia kazi."

Mvua zote za Aprili zilikuwa zimepita juu yake. Ndahiro alifungua kinywa agombe, maana ndivyo alivyozoea, akakosa wa kumgombeza. Mkuki kwa nguruwe. Epiphanie hakumcheka. Alimsaidia kufungua vipande, vimejikunja, vimekatika, vingine vimepauka kabisa, wakavizungusha kwenye kijiti.

Alirudi Mbugangari jua limeshaanza kushuka. Mama yake alikuwa bado kwenye mkeka, kitenge kimefungwa, redio ya kaseti mbele yake. Ndahiro alipiga magoti akamwekea kile kijiti mapajani.

"Mama, Hirwa yuko humu."

Mukantwari aliupapasa ule utepe, akaufuata kwa kidole, polepole, hadi mwisho wake uliokatika.

"Bon, sawa," alisema. "Sasa umwambie aseme."