Shikamoo ya Ndola

"Watoto waje. Huyo mwanamke abaki," mama alisema kwenye simu, akakata.

Nilikuwa nimeweka sauti ya nje, na Mwansa alikuwa ameketi karibu nami akichambua mchicha. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, alichokipata kwa kaka yangu, lakini hayo aliyaelewa. Hakuinua uso.

"Wataenda na wewe, wifi," alisema.

Kaka yangu Hezekia alikuwa dereva wa malori. Aliishi Ndola, Zambia, miaka kumi na miwili, akaoa huko, akazaa huko, na mwezi wa tisa mwaka jana akafa huko. Mama alituma neno kwamba wasubiri, mwili uletwe kijijini kwetu Sepuka, alikozaliwa. Neno lilifika watu wakiwa wametoka makaburini. Tangu siku hiyo mama hakulitaja jina la Mwansa. Alimwita "aliyemfukia mwanangu". Sasa, baada ya miezi minane, Mwansa alikuwa amepanda mabasi siku tatu kupitia Tunduma ili watoto waone nyumbani kwa baba yao. Wamefikia kwangu Mwankoko, na Jumapili wanarudi. Nilijua akiondoka bila mama kumpokea, hatarudi tena, na watoto wa kaka yangu watakuwa watu wa kwenye picha.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi niliwachukua. Chanda ana miaka sita, msichana mkimya mwenye paji la uso la Hezekia. Amosi ana minne, amepewa jina la marehemu baba yetu, na hajui kunyamaza. Mwansa aliwavalisha nguo za kanisani, akampaka Amosi mafuta mpaka miguu ikameta, akawaambia jambo kwa Kibemba, taratibu, akiwa amewashika wote wawili mabega. Mimi sijazaa. Nilibeba maji, chapati, mifuko miwili ya plastiki kwa ajili ya kutapika, na hofu.

Kutoka Mwankoko hadi mjini tulipanda bajaji. Kwao Ndola hawakuwahi kuipanda, na Amosi aliingia akainama kutafuta mlango wa upande wa pili aufunge. Dereva akamwambia, "Bosi, hapa tunajifungia kwa imani." Amosi hakuelewa, ila alicheka kwa kuwa dereva alicheka.

Stendi ndipo shida yangu ilipoanza. Mpiga debe mmoja alikuwa akiita abiria wa njia tuliyotoka: "Mwankoko! Mwankoko!" Watoto wakatazamana, wakaanza kucheka mpaka Chanda akajishika tumbo. Nikawaza wanawacheka watu, na kwetu mtoto anayewacheka watu stendi huonekana hana mwenyewe. Nikamshika Chanda mkono kwa nguvu kidogo. Naye akanionyesha kwa kidole tenga la mama mmoja, ndani yake kuku na vifaranga. "Nkoko," akasema, akimwonyesha kuku. Halafu akaonyesha kifaranga. "Mwana nkoko." Halafu akanionyesha mimi.

Ikanichukua muda. Siku nne zote walidhani shangazi yao anaishi mahali panapoitwa Kifaranga.

Tuliingia kwenye kosta ya Sepuka, tukakaa kusubiri ijae. Kwenye kiti cha mbele yetu alikuwepo mzee wa koti la kahawia, jina lake Chediel, ambaye kila aliyepanda alimwamkia. Nami nikamwamkia. Nikamgusa Amosi begani ili naye aseme. Akasimama wima kwenye kiti, akamtazama yule mzee usoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma:

"Marahaba."

Vichwa vikageuka. Nilitamani siti inimeze. Kisha nikaelewa kosa ni langu. Kwangu watoto wa majirani hupita asubuhi na jioni kuniamkia, na mimi huitika. Amosi alikuwa akinisikiliza mimi, siyo wao. Alishika neno la mkubwa.

"Eti kasemaje?" mzee Chediel akauliza.

"Marahaba," Amosi akarudia, kwa upole, kama mtu aliyeombwa.

"Mzee, leo umekutana na baba yako," konda akasema. "Mwamkie basi, tusichelewe."

Mzee akavua kofia. "Shikamoo, mkubwa," akasema, na kosta nzima ikaangua kicheko. Amosi akaitika tena, ameridhika kabisa.

"Wa wapi hawa?" mama wa tenga la kuku akaniuliza.

"Wa Hezekia, kaka yangu. Wamezaliwa Zambia."

"Yule Hezekia wa mama Magdalena? Aliyefia kule?"

"Ndiye."

Kicheko kikapungua. Watu wa Sepuka wote walijua habari ya kaburi. Mama wa kuku akawatazama watoto, akasema, "Na bibi yao alivyo. Huyu akimwambia marahaba, mtarudi na kosta hii hii."

Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Mama ni mtu ambaye mjukuu akimpita bila kumwamkia, humwita mama wa mtoto, siyo mtoto. Angemwambia Amosi nini? Angesema: ndiyo malezi ya yule mwanamke.

Basi safari yote ikawa shule. Tulipouacha mji na kuingia kati ya mashamba ya alizeti zilizoinamisha vichwa kungoja kuvunwa, abiria walikuwa wakimfundisha Amosi: sema shikamoo, sema shikamoo bibi. Amosi alisema vizuri mara tatu, akatapika kwenye mfuko, akasahau. Mzee Chediel yeye aliona ng'ombe nje, akamwuliza Chanda kwa kidole: hao kwenu wanaitwaje?

"Ing'ombe," Chanda akasema.

"Na hao?"

"Imbushi."

"Mbuzi," mzee akasema. "Na huyo anayetukimbiza?"

"Imbwa."

Mzee akageuka kwa wenzake. "Sasa huyu mgeni kwa lipi?"

Nikajisikia kifua kinapanuka. Chanda, ambaye kwangu alikuwa hasemi, alikuwa akijibu wazee kwa sauti ya chini, macho chini, neno moja kila swali. Hakuna aliyemfundisha hilo ndani ya kosta.

Tulishuka Sepuka saa tano. Mama alikuwa mbele ya nyumba, kwenye kigoda, anapepeta mtama. Alituona tangu barabarani, hakuacha kupepeta. Nilimwamkia, akaitika bila kuinua kichwa. Nikawasogeza watoto mbele.

"Haya, Amosi," nikanong'ona. "Shika..."

Amosi akatazama ungo, akatazama kuku, akanyamaza. Siku moja niliyomhitaji aseme. Mama akaanza kuweka ungo chini, namna anavyouweka anapotaka kusema jambo refu.

Chanda akamvuta mdogo wake shati. Wote wawili wakapiga magoti pale pale kwenye vumbi, kwa nguo zile za kanisani. Wakainamisha vichwa, wakakusanya viganja kama wanakinga maji, wakapiga makofi taratibu, mazito, ya kufanana.

"Mulishani mukwai," Chanda akasema.

Mama akaniangalia. "Mbona wananipigia makofi? Nimecheza ngoma?"

"Ndiyo shikamoo yao, mama. Na hawanyanyuki mpaka uitikie." Hilo nalijua kwa aibu. Jioni ya kwanza walinipigia magoti mlangoni, mimi nikaenda kutandika kitanda. Niliporudi walikuwa bado wapo chini, na Mwansa amesimama nyuma yao, ananisubiri mimi mkubwa nifanye wajibu wangu.

Mama akawatazama. Makofi yakaendelea. Goti la Amosi lilikuwa juu ya kokoto, nikamwona anakunja uso, lakini hakulitoa.

"Nani amewafundisha hivi?"

"Mama yao."

"Siyo Hezekia?"

"Hezekia alikuwa barabarani, mama. Mwezi mzima, miezi miwili. Aliyekuwa nyumbani ni Mwansa."

Nililitaja jina makusudi. Hakunikataza.

"Marahaba," mama akasema. Na Amosi, aliposikia hatimaye neno analolijua, akainua kichwa akamjibu, "Marahaba."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, mama alikuwa amefunika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yanatikisika. "Amosi yule yule," akaniambia. "Baba yenu naye alikuwa haniachii neno la mwisho. Njoo hapa, mume wangu."

Akamfuta vumbi goti kwa mate na kidole. Kisha akamshika Chanda paji la uso, akatulia hapo, muda mrefu. Nikaenda jikoni nikasonga ugali, kwa sababu kuna machozi ambayo mtu haangaliwi akiyalia.

Mchana tulikula. Watoto walinawa bila kuambiwa, wakasubiri bibi atangulie. Mama aliona. Mimi nilimwona anaona, na sijui kama nimewahi kujivunia kitu cha mtu mwingine namna ile. Lakini hakusema neno kuhusu Mwansa. Alimwonyesha Chanda namna ya kushika ungo. Alimwacha Amosi afukuze kuku mpaka wote wawili, yeye na kuku, wakachoka. Saa nane ikapita. Kosta ya mwisho ni saa tisa, na mimi nilikuwa nafunga khanga nikifikiri maneno ya kumwambia wifi yangu, jinsi ya kumwambia kwamba watoto wamependwa na yeye bado.

Honi ikalia barabarani. Watoto wakapiga magoti tena kuaga, wakapiga makofi yao. Mama akaitikia upesi safari hii. Tukaanza kuondoka.

"Rebeka."

"Abee, mama."

"Mama yao ana siku ngapi hapo kwako?"

"Leo ya nne."

Mama akaokota punje za mtama zilizoangukia mkekani, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Mgeni ni siku mbili," akasema. "Za ugeni zimekwisha. Mlete kesho, na kosta ya asubuhi. Mwambie jembe lake lipo hapa, na mtama wa shamba la mume wake haujavunwa."

"Jumapili wana safari, mama."

"Basi atavuna siku mbili. Nimesema mlete."

Honi ikalia mara ya pili. Nikambeba Amosi mgongoni, nikamshika Chanda mkono, na tulipokuwa tukikimbilia barabarani nilianza kutafuta simu kwenye pochi kwa mkono uliobaki.