Msamaha wa Ciakuthii

Katika maabara ya kupima mahindi mjini Meru, nyuma ya bucha za Majengo, glavu zilikuwa za wenye diploma. Ndivyo alivyosema meneja, Bwana Kinyua. Ciakuthii, mama wa makamo kutoka Gachoka, aliosha vyombo vya kioo kwa mikono mitupu, na wapimaji wakamwita "Mama Sufuria" mbele ya macho yake.

Wawira, mpimaji mgeni, alicheka pamoja nao. Alikuwa na miezi mitano kazini, bado yuko kwenye majaribio, na alishajifunza kwamba pale asiyecheka leo huchekwa kesho.

Alhamisi moja sampuli ziliwazidi. Bwana Kinyua akapita akigonga meza kwa kalamu.

"Saa sita majibu yawe kwangu. Anayetaka kwenda choo aende cha kwao."

Kwa haraka, Wawira alimimina asidi iliyobaki ndani ya chupa tupu, akaiacha kando ya sinki bila kuandika chochote juu yake. Alinuia kurudi kuiondoa. Hakurudi.

Ciakuthii alidhani ni maji. Aliimimina kiganjani ili asuuze brashi. Yowe lake lilifika hadi langoni na chupa ikapasuka sakafuni. Wawira alikimbia kufungua mfereji. Ukakoroma, haukutoa tone. Akachota maji ya kunywa ofisini.

"Hayo ni ya wageni!" Bwana Kinyua alifoka.

Asubuhi iliyofuata aliwapanga wote mstari.

"Nani aliacha ile chupa?"

Ciakuthii, mkono umefungwa kwa leso, alimgeukia Wawira. Alikuwa amemwona akiiweka.

"Mwambie, mwanangu," alisema kwa upole.

Wawira alimtazama Bwana Kinyua.

"Si mimi."

"Mama Sufuria anatafuta wa kusingizia," Mithika, mpimaji mwenzake, akasema. Watu wakacheka.

"Umevunja chupa na umetuchelewesha," Bwana Kinyua akamwambia yule mama. "Omba msamaha. Mmoja mmoja."

Ciakuthii akaanza mwanzo wa mstari. Kila mmoja aliitikia haraka huku akiangalia viatu vyake. Alipofika kwa Wawira, alisimama kidogo.

"Nisamehe, mwanangu."

Wote walikuwa wakisikiliza.

"Nimekusamehe," Wawira akasema.

Kufikia saa nne Ciakuthii alikuwa amefutwa kazi.

Usingizi ulimpaa Wawira. Jumapili alifunga safari hadi Gachoka, kabeba sukari na bandeji. Mbaka, mume wa Ciakuthii, alimkaribisha sebuleni, akamwekea chai. Watoto watatu walikaa kwenye benchi. Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya mtu anayeugulia maumivu.

"Mke wangu alisema ukija usifukuzwe," Mbaka alisema. "Mimi nina ombi moja tu. Waambie hawa watoto ni kosa gani ulilomsamehe mama yao."

Wawira alitazama mlango wa ndani. Aliinua kikombe, akainywa chai yote ingali moto, ikamchoma koo. Akaacha sukari na bandeji mezani, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, saa moja unusu, alikuwa tena mstarini maabarani. Bwana Kinyua alimkabidhi barua ya kuajiriwa kwa kudumu, na wenzake wakampigia makofi.