Mahakama ya Nyimbo

Wateja wangu walikuwa wananicheka. Mimi ni fundi wa spika na redio, na spika ukishaitengeneza lazima uijaribu kwa muziki. Mimi nilijaribu kwa mahubiri. Mwenye baa aliniletea spika mbili zilizopasuka, na alipokuja kuzichukua akazikuta zinanguruma habari za toba mpaka vumbi linaruka mezani.

"Fundi," akasema, "nilikuambia uzitengeneze, sikukuambia uziokoe."

Nilicheka naye, lakini sikubadilika. Nilikuwa naogopa. Kaka yangu, tumbo moja, aliingia kwenye muziki na shati moja, akatoka bila hilo shati. Alipiga gitaa kwenye bendi miaka sita. Tulimzika akiwa na umri nilio nao mimi sasa, ishirini na saba, na rafiki zake walikuja makaburini wamelewa, wanaimba nyimbo zake. Tangu siku ile, mdundo mzito ukitoka dirishani kwa mtu, mimi naona jeneza. Mtu asiniambie ni burudani tu.

Kwa hiyo kanisani waliponikabidhi vijana, nilianzisha kipindi. Kila Jumapili baada ya ibada ya pili tulikaa kwenye chumba cha watoto, kwenye vile viti vidogo vinavyokupandisha magoti mpaka kidevuni. Vijana wanaleta wimbo mmoja, tunaupiga kwenye simu, naandika maneno yake ubaoni na kuuchambua mstari kwa mstari. Mwisho natoa hukumu: unaingia au unatoka. Ukitoka, kila mtu anaufuta kwenye simu yake palepale, jirani akishuhudia. Wenyewe walikiita Mahakama. Mchungaji alikipenda kwa sababu viti vilikuwa havitoshi.

Na hakimu nilikuwa mzuri, sijinyimi sifa. Ushairi nimejifundisha mwenyewe karakanani, daftari mapajani, nikihesabu mizani kwa vidole huku risasi ya kulehemu ikipoa kwenye nyaya. Msanii akija na vina vya kubahatisha, nilimnyoa bila maji.

Jumapili ile wimbo ulikuja bila mwenyewe. Uliingia kwenye simu ya kikundi kutoka namba ambayo hakuna aliyeijua, na ujumbe mfupi: "Mwalimu, tunaomba huu uchambuliwe." Simu ya kikundi alikuwa anaitunza Mdundo, mwendesha pikipiki, mcheshi wetu, ambaye jina hilo alilipata kwa sababu hata akisali mguu wake hautulii.

"Mheshimiwa hakimu," Mdundo akasema akisimama kama karani, "mshtakiwa hajafika, lakini ameleta sauti yake."

Watu wakacheka. Akaupiga.

Ilikuwa sauti ya kike, ya chini, imezibwazibwa kama mtu aliyeimba ndani ya kabati. Nyuma yake kulikuwa na mchakacho fulani ambao kwenye kile kispika cha simu ulisikika kama mchele unamwagika. Nikaandika ubaoni:

Nimechoka kubisha, mlango haufunguki,
Nizimieni taa, kesho mimi siamki.

Nikageuka. Nakumbuka nilikuwa natabasamu.

"Kwanza tumsaidie kuhesabu," nikasema. "Upande huu mizani saba, upande huu nane. Mstari wa pili vilevile. Huyu dada anachechemea, mguu mmoja mfupi."

"Mpeni fimbo!" mtu akapiga kelele.

"Pili, anamwimbia nani? Anakibembeleza kifo kama mchumba. Hivi ndivyo nyimbo hizi zinavyowakamata. Unaanza kuimba tu, kesho unaamini, keshokutwa mama yako anapokea rambirambi." Hapo nilikuwa sichezi tena. Nilikuwa namwona kaka yangu. Sauti ilinipanda bila mwenyewe kujua. "Roho iliyotunga maneno haya haina nafasi ndani ya chumba hiki. Isikae na sisi, isituzoee. Hukumu?"

"Unatoka!" wakajibu kwa pamoja, mikono juu, na wakafungua simu zao kuufuta.

Nikapangusa ubao. Sindano, mmoja wa vijana wangu, msichana mrefu mwembamba anayeshona kwa shangazi yake, alibaki kunisaidia kupanga viti kama alivyofanya kila Jumapili. Nikamuuliza kama kipindi kilikuwa kizuri. Akasema, "Umeeleza vizuri, Mwalimu." Akaniaga kwa mkono, jambo ambalo si kawaida yake. Nilidhani ni heshima.

Jumatatu asubuhi nilikuwa namalizia spika kubwa ya ukumbi wa harusi. Mdundo alikuwa amenitumia ule wimbo ili niuhifadhi kama mfano wa wiki nyingine, na mahubiri yangu siku hiyo yalikuwa yamegoma kufunguka. Nikasema, haya, hata huyu mwenye mguu mfupi atanitosha kupima besi. Nikauweka.

Spika nzuri haifichi kitu. Sauti ilikuja ikasimama katikati ya karakana kama mtu. Nikasikia pumzi zake, nikasikia anavyomeza mate kabla ya neno "kesho". Na ule mchele uliokuwa unamwagika ukawa kitu kingine kabisa. Ulikuwa cherehani ya kukanyaga. Inakwenda, inakwenda, kisha tak. Inakwenda, inakwenda, kisha tak.

Nikaiacha ile bisibisi mkononi mwangu iangukie inapotaka.

Hiyo tak nilikuwa naijua kwa sababu niliitengeneza mimi. Miezi miwili nyuma mkanda wa cherehani moja ulikatika, mwenyewe akaniomba nimsaidie, nikauunganisha kwa kipande cha waya. Kila mkanda ukizunguka, waya unagonga gurudumu. Mwenye cherehani alinitania kwamba nimempa cherehani yenye kwikwi. Alikuwa shangazi yake Sindano.

Niliurudisha wimbo mwanzo, nikitumaini nitasikia vingine. Nikaisikia sauti na mara hii nikaifahamu. Kesho mimi siamki. Ujumbe uliingia lini? Nikampigia Mdundo.

"Ule wimbo ulitumwa lini?"

"Mwalimu, umeshaupenda? Si tulikubaliana..."

"Lini!"

"Jumamosi jioni. Kwani vipi?"

Jumamosi. Kwa hiyo kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili aliamka, akaja kwetu. Alikuja kusikia tutasema nini. Nikapiga namba yake. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Niliacha karakana wazi na spika ya watu inaimba, nikakimbia.

Kutoka kwangu hadi duka la ushonaji ni mitaa minne. Nilikuwa nasali, lakini sala ilikuwa haikai sawa mdomoni, nilikuwa narudia neno moja tu, bado, bado, bado. Mwenye duka la vocha akaniuliza nani kaiba. Nikampita.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni.

"Sindano yuko wapi?"

"Salamu kwanza, Fundi. Kichwa kinamuuma, amebaki chumbani. Na mwache apumzike, jana amerudi kanisani akafanya kazi kama punda. Kamaliza nguo zote za wiki hii. Angalia."

Nikaangalia. Kwenye rafu nguo zilikuwa zimepigwa pasi na kukunjwa, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mteja kwa mwandiko mzuri. Juu kabisa kulikuwa na daftari la vipimo, limefungwa kwa uzi. Shangazi alikuwa anatabasamu. Mimi niliona kazi ya mtu anayeaga.

"Shangazi," nikasema, "twende. Sasa hivi. Acha hiyo nguo."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliinuka na pini zikiwa bado mdomoni, akazitema njiani.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka, uani, mlango wa bati. Tuliita. Shangazi akaita kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Nikaweka bega mlangoni, nikarudi nyuma hatua mbili, na kabla sijajirusha komeo likalia kwa ndani.

Alifungua. Amevaa gauni lile lile la Jumapili, macho yamevimba. Nilimwangalia mikono, nikamwangalia shingo, nikaangalia kitanda nyuma yake. Hajajifanyia kitu. Nikakaa hapo hapo kizingitini.

"Mwalimu," akasema kwa upole uliozidi kuniogopesha, "umekuja kufanya nini? Si ulisema nitoke?"

"Sikujua ni wewe."

"Ungejua, ungesema nini? Unaingia?"

Nikamuuliza kile nilichotakiwa kumuuliza jana, mbele ya ubao, badala ya kuhesabu mizani.

"Unataka kujiua?"

"Toba!" shangazi akapiga kelele. "Fundi, unamwambia nini mtoto wangu!"

"Mwache, Shangazi," Sindano akasema. "Ndiye wa kwanza kuniuliza." Akaegemea mlango. "Jumamosi nilikuwa nimeshaamua. Kisha nikasema nisikie kwanza. Nikawasikia. Leo sijui, Mwalimu. Nimeamka tangu alfajiri, nimekaa pale kitandani, nanyoosha mkono, naurudisha."

"Kuna mtu kakufanyia kitu?" shangazi akauliza, sauti imekatika. "Niambie jina lake, mwanangu. Ni mwanamume?"

"Hakuna mtu. Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linalonitisha. Kila kitu kiko sawa na mimi siwezi kupumua."

Shangazi aliingia, akamkumbatia, akamvuta kama anayemtoa majini. Mimi niliingia nyuma yao. Kwenye dirisha kulikuwa na vidonge, vingi, vimepangwa kwa safu. Nilivizoa vyote nikavitia mfukoni, vitatu vikaanguka na ikabidi nipige magoti kuvitafuta chini ya kitanda. Sindano alinitazama nikivitafuta. Hakunizuia.

Tulikwenda zahanati kwa miguu, watu watatu, yeye katikati. Barabarani redio zilikuwa zinapigwa kila duka. Kila wimbo uliotoka nilimtazama usoni, nikijiuliza huu unamfanya nini, huu unamshika au unamwachia, na sikuwa na uwezo wa kujua. Miaka mitatu nimetoa hukumu. Nyimbo mia na zaidi. Nilianza kuhesabu ni vijana wangapi wamekaa kwenye vile viti vidogo, na ni nani kati yao aliyewahi kuniletea wimbo akitetemeka, nikacheka. Nikafika kwa wanne, nikaacha kuhesabu.

Kwenye zahanati muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani, mtu asiye na maneno mengi. Alimsikiliza shangazi, akavipokea vidonge, akamtazama Sindano muda mrefu, kisha akafungua pazia na kuwaingiza wote wawili. Mimi nikabaki kwenye benchi. Nyuma ya pazia nikasikia muuguzi akisema, "Anza popote, dada. Sina haraka." Kisha ile sauti ya chini ikaanza kuongea, na sikuyasikia maneno.

Muuguzi akatoka na kitabu chake.

"Atakaa hapa leo, daktari anakuja. Shangazi yake nimeshamwandika. Wewe ni nani wake?"

Nilifungua mdomo kusema mwalimu wake.

"Mimi ndiye niliyemfukuza," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani. Nilingoja anitoe nje, na ningetoka, nilijiona nastahili. Badala yake akauliza jina langu, akaliandika chini ya la shangazi, herufi moja moja.

"Ametaka kujua kama umeondoka," akasema. "Kaa hapo hapo. Na usiongee naye mpaka aongee yeye."

Nikakaa.